Si Hataki, Hawezi: Siku Niliyomtafsiria Mama Vibaya

Wiki iliyopita kwenye kipindi tuliongea karibu saa nzima kuhusu watoto "watundu," na meseji zenu zilituchekesha sana. Kuna aliyesema ndala ya mama yake ilikuwa inazijua kona za nyumba kuliko yeye mwenyewe. Kuna aliyenyang'anywa simu muda mrefu mpaka akasahau namba yake ya siri.

Nami nilicheka. Lakini kuna jambo sikulisema mbele ya maikrofoni, kwa sababu mdogo wangu anasikiliza podikasti hii na nilikuwa sijamwomba ruhusa. Sasa nimemwomba. Akaniambia, "Andika, dada, ila usitaje jina langu." Basi simtaji.

Viti vidogo vya shule

Nilikuwa na miaka 15, yeye 8. Familia yetu ilitoka Unguja ikaja Uingereza nikiwa mdogo. Yeye kazaliwa hapa hapa. Baba alikuwa anafanya kazi za usiku, na Kiingereza cha mama kilikuwa cha dukani na cha kwenye basi. Kwa hiyo mkalimani wa nyumba nilikuwa mimi. Barua za benki, daktari wa meno, kampuni ya umeme, vyote vilipitia kwangu. Wengi wenu mnaijua kazi hiyo, na mnajua mshahara wake ni chapati ya moto na "Mungu akuweke, mwanangu."

Siku hiyo shule ya mdogo wangu ilimwita mama. Tulikaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu aliyetuita alikuwa yule anayesimamia watoto wenye mahitaji maalumu, ambaye hapa Uingereza huitwa SENCO. Aliongea taratibu, kwa upole. Alisema mtoto ana shida ya kutuliza akili kwenye jambo moja, anainuka kwenye kiti kila dakika, anajibu kabla swali halijaisha, halafu anaumia anapoona wenzake wanamkimbia. Alisema ana akili nzuri tu. Akasema angependa aonwe na wataalamu, akasogeza fomu mezani kwa ajili ya sahihi ya mzazi.

Mama akanigeukia. "Anasemaje?"

Jamani, niseme ukweli. Neno moja moja nilikuwa nalielewa, lakini kwa Kiswahili sikuwa na pa kuliweka. Nilikuwa nimechoka, nina mtihani kesho yake, na huyo mdogo wangu alikuwa amenivunjia kikokotoo changu wiki ile ile. Nikasema hivi:

"Anasema ni mtundu. Hasikii. Wanataka usaini waje kumwona watu."

Mama akabadilika uso. "Watu gani? Wanataka kunichukulia mwanangu?"

Kama umekulia kwenye nyumba zetu, unaijua hofu hiyo. Kila familia ina hadithi ya jirani wa rafiki wa fulani ambaye "sosho" walikuja wakamchukulia watoto. Mama hakusaini. Mi nikamgeukia mwalimu nikamwambia mama atafikiria. Fomu ikaingia kwenye droo ya jikoni, chini ya betri na mpira wa kufungia mifuko, ikakaa miaka.

Kilichofuata nyumbani

Mama alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya akiambiwa mwanawe ni mtundu na hasikii. Alimrudi. Michezo ya video ikafungwa kabatini. Baba akirudi asubuhi macho mekundu anakuta mashtaka mlangoni. Mtoto akiambiwa "nenda chumbani, lete viatu, funga dirisha, uje ule," anarudi na kiatu kimoja na gari la kuchezea, dirisha liko wazi. Anapigwa kelele. Kesho yake hivyo hivyo.

Bibi alipokuja kututembelea kutoka Unguja, alimtazama siku mbili, siku ya tatu akasema mtoto azinguliwe. Mdogo wangu Kiswahili cha "kuzingua" anakijua cha mtandaoni tu, akauliza kwa nini wanataka kumsumbua. Tulicheka mpaka bibi akakasirika. Kwa bibi, kuzingua ni kumsomea mtu dua ili aondokewe na kilichomfunga. Akamsomea, akampa kombe la zafarani na maji ya waridi. Sitasema vibaya juu ya hilo. Usiku ule bibi alimwekea mkono kichwani kwa muda mrefu, na mtoto alilala vizuri kuliko siku nyingi. Huenda ndiyo mara ya kwanza mwaka ule mtu mzima kumgusa kichwani bila hasira.

Alipoingia sekondari, akiwa na miaka 11, mambo yakaharibika. Sasa alikuwa na walimu kumi badala ya mmoja, madarasa kumi, ratiba inayobadilika kila siku. Akawa anasahau vitabu, anajibizana, anabaki shuleni jioni kwa adhabu. Akasimamishwa siku mbili, halafu siku tano.

Siku moja, ana miaka 12, nilimkuta amekaa kwenye ngazi gizani. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, bila kulia wala nini, kama mtu anayetaja saa: "Mi ni mtu mbaya tu, dada. Nimezaliwa hivyo."

Kwa Kiswahili alisema hivyo. Kiingereza ndiyo lugha yake ya kila kitu, lakini sentensi hiyo aliijua kwa Kiswahili.

Nikaenda jikoni nikafungua droo.

"Ni" na "ana"

Nimeifikiria sentensi yake mara nyingi tangu hapo, na hapa nataka tuitazame lugha yetu kidogo. Angalia maneno tunayowapa watoto: mtundu, mtukutu, mkaidi, mjeuri, mvivu. Yote yana ile *m-* ya mtu. Ukisema "huyu ni mkaidi," umeshamfungia mlango. Umesema yeye ni nani, hujasema ana nini.

Lakini mtoto akipata malaria hatusemi "ni mmalaria." Tunasema *ana* malaria, *ana* homa, *ana* njaa. Kitu kimemjia, na mtu anaweza kutafuta dawa, au chakula, au namna ya kuishi nacho. Mwalimu yule aliniambia kuhusu kitu ambacho mdogo wangu *anacho*. Mimi nikampelekea mama kitu ambacho mdogo wangu *ni*. Na neno "hasikii" nalo, we liangalie tu. Kwa Kiswahili asiyesikia ni asiyetii, hata kama masikio ni mazima. Mama alisikia kosa la adabu, na kosa la adabu dawa yake anaijua.

Wala Waingereza wasijidai kwamba wao walianza vizuri. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake London akaeleza kuhusu watoto wenye akili za kawaida ambao walishindwa kabisa kujizuia. Alichoona kilikuwa cha kweli, lakini jina alilokipa lilihusu upungufu wa maadili. Mwaka 1968 kitabu cha uchunguzi cha madaktari wa akili wa Marekani, kiitwacho DSM, kilikuwa kinaongelea zaidi kuhangaika kwa mwili. Umakini uliingia kwenye jina mwaka 1980, na jina la ADHD likaja mwaka 1987. Yaani wao wenyewe iliwachukua karibu miaka 80 kutoka kwenye "maadili" hadi kwenye "umakini." Sisi tunaombwa tuvuke safari hiyo kwenye mkutano mmoja wa shule, kwa mdomo wa mtoto wa miaka 15.

Utajuaje kama ni utundu wa kawaida?

Hili ndilo swali mnalotuuliza zaidi, na ni swali zuri. Kila mtoto huhangaika, hununa, hudanganya, huogopa giza. Kijana wa miaka 14 asiyefunga mlango kwa kishindo hata mara moja, mi ningemwogopa. Wataalamu hutazama mambo matatu, nami nayakumbuka kwa herufi moja: muda, mahali, madhara.

*Muda.* Imeendelea kwa muda gani? Kwa ADHD, dalili lazima ziwe zimedumu angalau miezi 6, na baadhi yake ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12.

*Mahali.* Inatokea wapi? Mtoto anayehangaika kwenye darasa la mwalimu mmoja tu, huenda tatizo ni darasa hilo. ADHD hujitokeza sehemu zaidi ya moja: nyumbani, shuleni, madrasa, kwenye mpira.

*Madhara.* Inamwharibia nini? Masomo, marafiki, usingizi, amani ya nyumba?

Na majina yako mengi. Nitayasema kwa lugha ya jikoni, ili ukimweleza mzazi wako uwe na pa kuanzia.

ADHD ina sura mbili. Moja ni mwili na mdomo visivyotulia. Nyingine ni akili inayopotea njiani: mtoto amekaa kimya, anatazama dirishani, anasahau kila kitu, na hamsumbui mtu. Wasichana wengi wako kwenye sura hii ya pili, ndiyo maana hugunduliwa wakiwa wamechelewa. Kuna watoto wana zote mbili. Haisababishwi na malezi mabaya wala peremende, na hurithiwa sana kwenye familia. Baba alipoelezwa dalili, alikaa kimya kidogo halafu akasema, "Mbona mnanisema mimi?"

Wasiwasi uliopitiliza mara nyingi huvaa nguo za ugonjwa wa mwili. Tumbo linauma kila Jumatatu asubuhi, Jumamosi limepona. Mzazi anasema anadeka, lakini tumbo linauma kweli. Ni hofu inayolifinya.

Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, kwa kijana inaweza isionekane kama huzuni. Inaweza kuonekana kama hasira. Kila unachosema kinamkera, halali au halali vya kutosha kuamka, ameacha mpira alioupenda. Kwa Kiswahili tunamwita mjeuri.

Kuna pia ukaidi uliovuka mpaka, ambao kwa kifupi huitwa ODD: hasira za karibu, kubishana na kila mkubwa, kulipiza kisasi, kwa miezi 6 au zaidi. Ukienda mbali zaidi, mtoto anaumiza watu, anaiba, anaharibu mali, hilo lina jina lake na linahitaji msaada mkubwa zaidi. Mara nyingi chini ya tabia hizo kuna kitu kingine: ADHD isiyojulikana, shida ya kusoma, au jambo baya alilofanyiwa mtoto.

Halafu kuna hili linalotuhusu sisi hasa. Kuna watoto wanaongea kama redio nyumbani lakini shuleni sauti haitoki kabisa, kwa sababu ya hofu. Hilo ni jambo la kweli na lina tiba. Lakini usilichanganye na mtoto aliyeanza shule akijua Kiswahili tu na akakaa kimya miezi ya mwanzo akiisikiliza lugha mpya. Huyo anajifunza. Na mwalimu akikwambia "acheni kuongea Kiswahili nyumbani" kama dawa ya tatizo hilo, mkatalie kwa heshima. Lugha mbili hazisababishi ADHD, wala wasiwasi, wala sonona.

Msikilizaji wetu mmoja, familia yake ni ya Kikongo na sasa wako Marekani, alituandikia kuhusu mdogo wake aliyeishi kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma, kabla ya kuhamia huko. Shule ilisema mtoto hatulii. Yeye akagundua kwamba kila mwaka tarehe 4 Julai fataki zikilipuka, mtoto anaingia chini ya kitanda. Mwili unaosubiri hatari hauwezi kukaa kwenye kiti na kufanya hesabu. Kwa nje unaweza kufanana sana na ADHD, lakini tiba yake ni nyingine. Ndiyo maana uchunguzi wa kweli huuliza maisha yote ya mtoto, na ndiyo maana mzazi lazima aelewe anachoulizwa.

Kama unadhani ni familia yako tu, Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Kwenye harusi moja ya kwetu hesabu hiyo inajaza meza kadhaa.

Mkalimani wa kweli

Nilimwambia mama ukweli jioni moja akiwa anachambua mchele. Nikamwonyesha fomu. Nikamsomea upya, polepole, kila sentensi. Nikasema, "Mama, siku ile sikukwambia vizuri."

Alichambua mchele muda mrefu bila kusema kitu. Mwisho akauliza, "Miaka minne?"

"Miaka minne."

"Nilimpiga kwa hilo."

Sikuwa na jibu. Baadaye akasema, "Ulikuwa mtoto na wewe. Mimi ndiye niliyekutuma." Hajawahi kulitaja tena.

Tulienda kwa daktari wa familia, naye akampeleka kwenye huduma ya afya ya akili ya watoto ya NHS, ile inayoitwa CAMHS. Tukangoja zaidi ya mwaka. Sitawadanganya, kungoja ndiko kulikotuchosha kuliko yote. Lakini siku ilipofika tulikuta kitu ambacho sikujua kama tunaweza kukiomba miaka yote ile: mkalimani, kwa simu, bila malipo. Mama mmoja mwenye lafudhi ya Mombasa. Daktari akisema sentensi ndefu, yeye anasema, "Samahani daktari, rudia hapo," halafu anaieleza kwa Kiswahili kilichonyooka.

Nilimsikia akisema: "Mama, daktari anasema mwanao ana shida ya kutuliza akili na mwili wake. Si kwamba hataki. Ni kwamba hawezi kila mara, hata akijaribu."

Mama akaishika simu kwa mikono miwili. Akasema, "Hebu mwambie arudie tena."

Mi nilikuwa nimekaa pembeni. Kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha namna hiyo, kazi yangu ilikuwa kuwa dada tu.

Kilichosaidia

Nyumbani tulifundishwa mambo yanayoonekana madogo. Agizo moja kwa wakati mmoja, ukimtazama usoni. Ratiba ya siku kwenye mlango wa friji. Kumsifia papo hapo anapofanya vizuri, hata kwa kiatu kimoja. Adhabu fupi na ya wakati ule ule, kwa sababu adhabu ya wiki nzima kwake haina maana; siku ya pili keshasahau sababu. Shuleni akakaa mbele, mbali na dirisha, akaruhusiwa kutoka kidogo akiona anajaa.

Halafu dawa. Mwongozo wa NICE wa mwaka 2018, unaofuatwa na madaktari hapa Uingereza, unasema kwa watoto wa miaka 5 na zaidi mazingira yabadilishwe kwanza, na dawa ifikiriwe kama shida bado ni kubwa. Wasio na miaka 5, wazazi ndio wanaoanza kupewa mafunzo. Dawa ya kwanza kwa kawaida ni methilifenideti. Mama aliogopa: "Wanampa mwanangu dawa za kulevya?" Mkalimani akalifikisha swali kama lilivyo, bila kulilainisha, na daktari akalijibu kama lilivyo. Akaeleza kwamba inaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi, kwa hiyo uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha vitapimwa mara kwa mara. Ramadhani ilipokaribia tukamuuliza kabla, ikapangwa. Haikumgeuza mtoto mwingine. Mwenyewe anasema ni kama mtu kapunguza redio tatu zilizokuwa zinaongea kwa pamoja kichwani, ikabaki moja.

Bibi bado anamsomea dua kwa simu kila Alhamisi, na yeye hutulia anasikiliza. Hatukuhitaji kuchagua kati ya bibi na daktari.

Kama we ndiye mkalimani wa nyumba yenu

Haya nawaandikia nyinyi mnaokaa kwenye viti vidogo.

Omba mkalimani. Hospitali na kwa daktari wa NHS una haki ya kumwomba bila malipo, na shuleni pia uliza. Si utovu wa adabu, wala haimaanishi kwamba Kiswahili chako kibovu. Kuna mambo mtoto hapaswi kuyabeba baina ya mzazi na daktari.

Ukilazimika kutafsiri, usifupishe. Neno likikushinda, sema "neno hili silijui, mwambie aeleze." Na jichunge na ile *m-*. Ukitaka kusema "ni m-," simama kidogo, jiulize kama uliyoambiwa ni "ana."

Waeleze wazazi wazi kwamba uchunguzi si sosho. Kumpeleka mtoto kwa mtaalamu ni kumtafutia msaada, na mzazi ndiye anayetoa idhini.

Msingojee jina la ugonjwa ndipo mdai msaada. Uingereza, shule inatakiwa kumsaidia mtoto mwenye uhitaji hata kabla ya uchunguzi kukamilika. Kama msaada wa shule hautoshi, mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia halmashauri kuomba tathmini ya mpango wa kisheria uitwao EHCP. Halmashauri ina wiki 6 kujibu kama itafanya tathmini, na shughuli nzima inatakiwa isizidi wiki 20. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 nayo inamlinda mtoto ambaye hali yake ni ya muda mrefu na inamwathiri sana. Marekani, ulizeni kuhusu mpango wa IEP, au wa kifungu cha 504. Hayo ni mambo ya kudai mapema, kabla mtoto hajaanza kusimamishwa. Ripoti ya Timpson, iliyotolewa kwa serikali mwaka 2019, ilionyesha kwamba asilimia 78 ya waliofukuzwa moja kwa moja shuleni England walikuwa watoto wenye mahitaji maalumu, au wanaofuatiliwa na ustawi wa jamii, au wa familia za kipato kidogo.

Na hili tafadhali msilifanyie mzaha: mtoto akisema anataka kufa au kujiumiza, usiseme anatafuta kuonewa huruma. Kaa naye, muulize waziwazi, mwambie mtu mzima. Uingereza, Childline ni 0800 1111, Samaritans ni 116 123, na hatari ikiwa karibu piga 999. Marekani piga au andika 988.

Simu ya Alhamisi

Mdogo wangu sasa ana miaka 15, umri niliokuwa nao siku ile. Bado anapoteza funguo. Bado anakatiza watu maneno, halafu anasema "samahani, endelea," jambo ambalo zamani halikuwepo. Anataka kuwa fundi umeme, na kwa kuwa kila kitu nyumbani kimeshavunjwa naye, vingi anajua vinavyofunguka.

Nilimsomea makala haya kabla ya kuyatuma. Alinikatiza mara nne. Kwenye ile sehemu ya ngazi alinyamaza, akasema, "Hapo acha kama palivyo."

Alhamisi iliyopita bibi alipiga simu kama kawaida, akamuuliza mama, "Haya, yule mtundu wangu hajambo?"

Mama alikuwa anakaanga samaki, simu imeegemea kopo la sukari. Akajibu bila kugeuka: "Hajambo. Ila mama, si mtundu. Ana jambo lake, na tunalishughulikia."

Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Mpe simu nimsomee."

Tuandikieni kama na nyinyi mlikaa kwenye viti hivyo. Kipindi kijacho tutakuwa na mkalimani wa hospitali studioni, kwa hiyo leteni maneno yaliyowashinda. Mi nina orodha yangu tayari.